Kumnunua ndama wa choroa: ni kumwokoa au kummaliza?

"Daktari, assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu anaitwa Maha, na tangu aambiwe kuwa jina lake ni la yule choroa mweupe wa jangwani, hatuna raha nyumbani: anataka kumwona. Tumepanga kwenda kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis, huku huku Oman, likizo ya Disemba, gari mbili, sisi na familia ya shemeji. Lakini ami yake Maha anasema tutarudi mikono mitupu, eti hifadhi ile UNESCO waliifuta na choroa waliobaki wamefungiwa zizini kama mbuzi. Kisha kuna jambo linalonikaa rohoni. Shemeji ameambiwa na mtu kuwa anaweza kumpatia ndama wa maha, jike, amweke shambani kwake Barka. Anasema ni afadhali akae penye maji na majani kuliko kufa kiu jangwani, tena ni thawabu. Je, ni kweli? Na tukienda tuwachukulie maji na tende? Nisamehe kwa maswali mengi."

Waalaykum salaam, dada. Swali zito umeliweka katikati ya mepesi, nami nitaanza nalo. Mwambie shemeji asimnunue. Hata akipewa bure, asimchukue. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu simwoni shemeji kuwa mtu mbaya. Anasema yale yanayosemwa na watu wengi wenye huruma, na huruma ya aina hiyo ina mkono wake katika kumalizwa kwa choroa hawa mara ya pili.

Ndiyo, mara ya pili. Mara ya kwanza walimalizwa na gari na bunduki. Zamani bedui akimwinda maha kwa miguu au juu ya ngamia, huenda akampata mmoja baada ya siku kadhaa, au akarudi bila kitu. Gari lilipofika jangwani mchezo ukabadilika: uwanda ni tambarare, hakuna pa kujificha, na mnyama mweupe anaonekana kutoka mbali. Mwezi wa Oktoba 1972 kundi la mwisho la porini lilimalizwa hapo hapo Jiddat al-Harasis. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na maha hata mmoja anayetembea huru duniani.

Kilichowaokoa ni kazi iliyofanywa miaka 10 kabla, na ina mkono wa kwetu ndani yake. Mwaka 1962 Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, aliongoza safari ya kwenda mashariki ya Aden, ambako leo ni Yemen, kuwakamata choroa wachache wafugwe kabla hawajaisha. Wakapata wanne tu. Mmoja akafa. Watatu wakaletwa Kenya, wakawekwa Isiolo, kisha wakapelekwa Phoenix, Arizona, kwenye ukame unaofanana na wa kwao. Huko wakaunganishwa na mmoja kutoka London, mmoja kutoka Kuwait na wanne kutoka Saudia. Jumla tisa. Choroa wengi sana unaowaona leo katika mbuga za Ghuba wana damu ya hao tisa. Mimi hupenda kulikumbuka lile la Isiolo, kwa sababu binamu zao, choroa wetu wa kijivu, wanachunga papo hapo hadi leo.

Mwaka 1980 wakaanza kurudishwa Oman, na tarehe 31 Januari 1982 kundi la kwanza la choroa kumi likafunguliwa geti pale Jaaluni, kituo kilicho kwenye uwanda huo. Walinzi wao walikuwa Waharasi wenyewe, watu wa uwanda ule, wenye lugha yao iliyo mbali na Kiarabu cha Maskati na wanaoujua mti mmoja mmoja. Kundi likazaa, likatawanyika. Mwaka 1994 hifadhi ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kufikia 1996 walikuwa kama 450 porini.

Hapo ndipo ikaja mara ya pili, na safari hii hawakutakiwa kwa nyama wala kwa pembe. Walitakiwa wazima. Kulikuwa na watu nje ya Oman waliotaka kuwa na maha kwenye mashamba yao, na walikuwa tayari kulipa. Waliotakiwa zaidi ni majike na ndama, kama huyo aliyeahidiwa shemeji. Kufikia 2007 walikuwa wamebaki 65, na jozi za kuzaa zipatazo nne.

Angalia hesabu hiyo kwa jicho la mfugaji. Jike wa choroa hubeba mimba kama miezi minane na nusu na huzaa ndama mmoja. Dume mmoja anaweza kupanda majike wengi, kwa hiyo ukipoteza madume kumi kundi litayumba, kisha litasimama. Ukipoteza majike kumi umepoteza ndama wa mwaka huu, wa mwaka ujao, na majike ambao ndama hao wangekuwa. Kundi linaweza kuonekana bado lina wanyama mia moja huku ndani limekwisha, limejaa madume yasiyo na wenzi. Ndivyo ilivyotokea. Ndiyo maana kuanzia 1998 wasimamizi walilazimika wenyewe kuwakamata baadhi ya waliobaki na kuwarudisha ndani ya uzio Jaaluni, wasije wakaibwa wote. Kwa hiyo hao "mbuzi wa zizini" anaowasema ami wamo humo kwa sababu ya wanunuzi. Hilo nalo shemeji alisikie.

Sasa kuna jambo ambalo muuzaji hatamwambia. Ndama yule amekamatwaje? Choroa hafuati mkate mkononi. Hufukuzwa kwa gari mpaka achoke, kisha hukamatwa. Sisi madaktari wa wanyama tunaijua picha hii vizuri mno. Mnyama aliyekimbizwa kupita kiasi, tena kwa hofu, misuli yake hufanya kazi bila hewa ya kutosha, asidi hujaa, na nyuzi za misuli huanza kufa. Uchafu wa misuli iliyokufa huingia kwenye damu na kuziba figo. Mkojo hugeuka rangi kama kahawa. Cha kusikitisha ni kwamba siku ya kwanza anaweza kusimama, akala hata majani mawili, na mnunuzi akafurahi. Siku ya tatu miguu ya nyuma inalegea. Wengine hufa baada ya wiki mbili, na mwenyewe husema "alikataa chakula". Nimewahi kuitwa shambani kwa swala wa namna hiyo. Nilimkuta bado anapumua, na sikuwa na la kumfanyia. Anayenunua mmoja aliye hai, basi, huenda amelipia na wale waliokufa njiani.

Na hiyo kiu. Hapa naomba tuketi kidogo, maana ndiyo hoja yote ya shemeji.

Maha hafi kiu jangwani kwa sababu tu hakuna kisima. Anaweza kukaa miezi mingi bila kunywa maji ya wazi. Uwanda wa Jiddat al-Harasis hupata mvua kidogo sana, pengine ikapita miaka bila ya maana, lakini uko karibu na Bahari ya Arabuni. Misimu fulani ya mwaka upepo wa bahari huleta ukungu mzito usiku. Ukilala huko utaamka na blanketi limelowa. Ukungu huo hutua kwenye majani, kwenye miti ya ghafu na migunga, hata kwenye kuvu za mawe, na choroa huamka alfajiri akalamba na kula kabla jua halijakausha. Mtafiti mmoja, C. Richard Taylor, aliyewachunguza choroa wa Kenya miaka ya 1960, aligundua jambo zuri sana: kuna kichaka ambacho mchana jani lake ni kavu kiasi cha kuvunjika mkononi, lina maji asilimia 1 hivi, lakini usiku hunyonya unyevu wa hewani mpaka hufika kama asilimia 40. Choroa anayekula usiku anakula na kunywa kwa pamoja. Ukimfungia bandani usiku na kumwekea majani makavu mchana, umemnyang'anya kisima chake.

Upande wa pili ni namna anavyotunza kile alichokipata. Wewe na mimi joto likizidi tunatoka jasho, na jasho ni maji. Choroa hana haraka hiyo. Siku za kiangazi huuacha mwili upate moto mchana, kisha usiku wa jangwa, ambao ni baridi, huutoa moto huo bure. Choroa weupe waliopimwa huko Saudia joto lao lilipanda na kushuka kwa wastani wa nyuzi 4 kila siku ya kiangazi. Binadamu akipandwa na nyuzi 4 tunamkimbiza hospitali. Kuhusu ubongo, kuna mtandao wa mishipa midogo chini yake ambapo damu ya moto inayopanda kichwani hukutana na damu iliyopozwa puani. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kuwa kazi yake ni kuukinga ubongo usiungue. Siku hizi maelezo yenye nguvu zaidi ni mengine: ubongo ukipoa, mwili unadanganyika kuwa joto si kali, haufungui jasho, na maji yanabaki. Mimi nayakubali haya ya pili. Mchana wote analala kivulini, mara nyingi akichimba kidogo kwa kwato afikie udongo wa chini ulio baridi, na hasogei bila sababu.

Yanayomuua jangwani ni njaa ya ukame mrefu na kuzuiwa kuhama. Mvua ya jangwa hainyeshi kote. Hunyesha hapa, ikaruka kilomita 60, ikanyesha pale. Choroa huihisi na kuifuata, husafiri umbali mkubwa usiku mpaka kwenye majani mapya. Nafasi, kwake, ndiyo chakula. Shamba la Barka hata liwe na bomba wazi mchana kutwa, haliwezi kumpa hicho.

Hilo linanifikisha kwenye tende na maji yenu. Msiwachukulie. Najua watu wa hapo huwapa ngamia na mbuzi tende, na hawafi, kwa sababu matumbo ya wanyama hao yamezoeshwa kidogo kidogo. Choroa ni mcheuaji aliyezoea majani makavu. Vijidudu vya tumbo lake kubwa vimejipanga kwa kazi hiyo. Mwagie sukari ya ghafla, vijidudu vingine vitafumuka, vitatoa asidi, tumbo litasimama, na mnyama anaweza kufa kwa chakula mlichompa kwa mapenzi. Maji nayo, ukiyaweka mahali pamoja, huwafanya wanyama wakae pamoja, wakamaliza majani ya hapo, wakaambukizana minyoo, na mbuzi na ngamia wa watu wakafuata. Wasimamizi wa hifadhi huweka maji na malisho nyakati fulani, kwa mpango na kwa hesabu. Wageni wasijaribu. Maji chukueni mengi, lakini yawe ya kwenu.

Ami ana nusu ya ukweli. Mwaka 2007 Oman iliipunguza hifadhi kwa asilimia 90 kwa sababu ya mafuta na gesi, na UNESCO wakaitoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya orodha hiyo mahali kuondolewa. Ni doa, sitalipaka chokaa. Lakini kutolewa kwenye orodha si kufutwa. Awali ilikuwa kilomita za mraba 27,500, karibu mara mbili ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Sasa ni kama 2,824, kiasi cha Tarangire. Ni ndogo kwa mnyama anayefuata mvua, ila ipo, inaitwa Hifadhi ya Wanyamapori ya al-Wusta, ina walinzi, na choroa wamezaana tena mpaka mamia, wengi wao ndani ya uzio.

Je, uzio ni mbaya? Hapa wenzangu hawakubaliani, na sina jibu la kukupa kwenye kiganja. Bila uzio, wezi. Na uzio, mnyama hawezi kufuata mvua. Kule Mahazat as-Sayd, Saudia, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 lilizungushiwa uzio wote, choroa wakarudishwa 1990 na wakastawi. Ukame ulipokuja, walikufa kwa mamia, wengi kando ya uzio, upande waliotaka kutokea. Lakini upande wa jangwa la Robo Tupu, huko huko Saudia, kwenye hifadhi ya Uruq Bani Ma'arid, wamerudishwa tangu 1995 wakiwa huru bila uzio, na mahali hapo pakaingia Urithi wa Dunia mwaka 2023. Maoni yangu: uzio ni kama bandeji. Huwezi kuibandua kidonda hakijapona, wala huwezi kukaa nayo maisha. Kwa jumla hali imepanda: mwaka 2011 maha alikuwa mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka porini kisha akapandishwa, katika orodha ya IUCN, shirika la uhifadhi wa viumbe, mpaka daraja la chini kabisa la walio hatarini.

Sasa safari. Kwanza, ulizieni kibali kwa Mamlaka ya Mazingira mapema, msisubiri wiki ya safari. Hifadhi ile si bustani ya kuingia na tiketi getini. Kutoka Maskati mpaka Haima ni zaidi ya kilomita 500, na msiendeshe usiku: ngamia huvuka barabara bila salamu. Baada ya lami mtahitaji gari za fowili, ingawa si kwa sababu mnayodhani. Jiddat al-Harasis si michanga ya kwenye picha, ni uwanda wa changarawe, mgumu, mweupe, hauna alama. Hatari yake ni kupotea, kwa sababu kila upande ni sawa. Msitoke njiani mkatengeneza njia yenu, maana alama ya tairi kwenye changarawe hukaa miaka mingi, nayo ndiyo ramani ya mwizi anayefuata. Disemba mmechagua vizuri.

Kama watoto ni wadogo mno au mna siku mbili tu, kuna hifadhi ya jangwa ya Dubai, kilomita za mraba 225, yenye uzio, choroa wengi, safari fupi. Wataona choroa kwa hakika. Hawataona ule upana. Ukiniuliza mimi, Maha ana jina la kustahili upana, lakini uchovu wa watoto nyuma ya gari nao ni kitu, na wewe ndiye unayewajua.

Msitarajie choroa peke yake. Kuna swala, mbweha, tandawala, simbamangu kwa mwenye bahati, na nyegere, yule yule mkorofi wa kwetu. Kwenye magenge ya Huqf wako mbuzi wa milimani wenye pembe za kupinda. Choroa mwangalieni kutoka mbali, na injini mkiizima. Pembe zake zimenyooka kama mikuki, na akibanwa huzitumia. Mkimkuta ndama amelala peke yake, wa rangi ya mchanga, kimya, msimguse: hajaachwa. Mama humficha hivyo siku za mwanzo na kurudi kumnyonyesha, na mkisimama hapo hatarudi. Ndama wengi "waliookolewa" duniani walikuwa wanasubiri mama zao tu. Mkikuta aliyejeruhiwa kweli, piga picha mahali mlipo, chukua alama ya ramani kwenye simu, na mwite mlinzi wa hifadhi. Na mtoto akiumwa na mbweha, hata mkwaruzo mdogo, oshea kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mbweha wa Oman hubeba kichaa cha mbwa. Hapo usiniandikie mimi, nenda.

Nirudi kwa shemeji. Sheria ya Oman ya mwaka 2003 inakataza kukamata wanyamapori, na kuna kifungo na faini, kwa hiyo asijidanganye kuwa ni jambo la majirani. Kama bado hajatoa pesa, anyamaze na muuzaji, asimtishe wala asijifanye mpelelezi, akaieleze Mamlaka ya Mazingira alichoambiwa na nani. Kama tayari mnyama yuko shambani, na ninasema hivi kwa sababu wakati mwingine swali huandikwa "anafikiria" wakati jambo limeshafanyika, basi asimfungulie jangwani kwa hofu. Atakufa. Amweke penye kivuli na utulivu, watu na mbwa mbali, asimlazimishe kula, apige simu kwa Mamlaka leo, na daktari wa wanyama amwone kwa macho. Ukiona mkojo wa rangi ya kahawa, kila saa ni muhimu.

Mchukulieni Maha darubini nzuri, hata ya kuazima. Awe macho kabla ya jua, gari likiwa limesimama, aielekeze mbali kule ambako hakuna kitu. Nukta nyeupe ikianza kusogea, ndiye.